Kungoja Kunapogeuka Kisima

Ganshoren, 11 Januari 2009

Jambo papa,

Maman Alphonsine wa kanisani anapanda ndege Jumatano kwenda Lubumbashi kwenye msiba wa dada yake, na amekubali kubeba bahasha moja kwa kila nyumba. Bahasha yetu nimeiomba mimi. Maman amesema yeye hana la kuandika, kwa sababu mnaongea kwenye simu kila Jumapili na wewe mwenyewe utakuwa hapa karibuni. Kwa hiyo karatasi yote ni yangu.

Ninaandika Kiswahili bora kama ulivyoniagiza tangu zamani, si kile tunachoongea nyumbani. Ukiona makosa uniambie.

Papa, kwenye simu mimi husema "bonjour papa, ça va, oui, ça va," halafu ninampa maman. Si kwamba sina maneno. Sauti yako inachelewa kufika, na yangu pia, zinagongana katikati, na mimi mtu akinigonga hunyamaza. Kwenye karatasi hakuna anayenigonga.

Nataka kukueleza jambo nililosoma. Katika maktaba ya komini, serikali ya mtaa wetu hapa, kuna kitabu cha Kifaransa juu ya ramli ya Wachina wa kale. Usikasirike. Ninakisoma kama ninavyosoma Kilatini. Namna yake ni hii: unashika sarafu tatu, unawaza swali moja, unazirusha. Upande wenye uso wa mfalme unahesabiwa tatu, upande wenye namba unahesabiwa mbili. Unajumlisha. Ukipata saba, unachora mstari mzima. Ukipata nane, mstari uliovunjika katikati. Unarusha mara sita, na unachora kutoka chini kwenda juu, kama mtu anayejenga ukuta. Umbo la mistari sita lina jina lake na maana yake. Yote pamoja ni maumbo sitini na manne.

Lakini sehemu ninayoipenda ni nyingine. Ukipata sita au tisa, mstari huo umezeeka. Mzima uliozeeka unavunjika, na uliovunjika ukazeeka unaungana. Huo ndio mstari unaogeuka, na ukishageuka, umbo zima linakuwa umbo lingine. La kwanza linaonyesha jambo lilipo. La pili ndilo la kugeukia. Mistari isiyogeuka inakaa kimya.

Nimeuliza juu ya safari yako. Sikuuliza kama utakuja, maana viza imeshapigwa katika pasipoti yako na mwisho wake ni tarehe 30 Juni. Hilo tunalijua wote. Niliuliza tu, safari ya papa ikoje? Mtupo wa kwanza ulitoa tisa. Iliyofuata ilitoa saba, saba, nane, saba, nane. Umbo lake linaitwa Kungoja. Ni kweli, tunakungoja tangu nilipokuwa na miaka tisa, na sasa nina kumi na sita. Mstari mmoja tu umegeuka, ule wa chini kabisa, na umbo jipya likawa Kisima.

Nilifurahi, ingawa si sana. Siku hizi sifurahi sana, wala sihuzuniki sana, sijui ni kwa nini. Kisima ni umbo zuri. Kitabu kinaeleza kwamba watu wanaweza kuhamisha mji lakini kisima hakihamishwi, kinabaki palepale. Mimi nimesoma hivi: sisi tulihama tukaja Ganshoren, huku Ubelgiji, lakini wewe hukubadilika, wewe ndiye kisima, na ukifika tutachota.

Sasa ombi. Ninaona ni vizuri anayesafiri aulize mwenyewe. Najua huko hamna sarafu, mnatumia noti tu, kwa hiyo nimeweka tatu za senti tano ndani ya bahasha. Rusha mara sita, uniandikie jumla zote sita kwa mpangilio. Mimi nitakusomea.

Maman ameshatoa nguo zake upande mmoja wa kabati.

Ni mimi,
Yolande


Lubumbashi, 22 Februari 2009

Kwa binti yangu Yolande,

Barua yako nimeipata, ina harufu ya sabuni ya Ulaya. Kiswahili chako ni kizuri. Umekosea mahali pawili, lakini hayo tutayaongea siku nyingine, yasije yakakukata moyo.

Ramli! Babu yako, mzee wa kanisa, angekuondoa mezani na sahani yako mkononi. Unajua Wachina wako huku tele, wanatengeneza barabara, na mimi ninasimamia vijana wao. Bon, nikamchorea mhandisi mmoja mistari sita juu ya mchanga, nikamwuliza, hii ni nini? Akaitazama, akazunguka upande wa pili akaitazama tena. Halafu akanipiga begani: "Chef, moi béton," yaani yeye anajua zege tu. Donc, mwenye ramli haijui ramli, ila mtoto wa Mwenze aliyeko Ganshoren anaijua! Vijana wamecheka wiki nzima. Kila nikitoa amri wananijibu, "Chef, moi béton."

Hata hivyo nimerusha kama ulivyoniagiza, jana baada ya chakula. Nimepata saba, nane, kumi, saba, tano, nane. Nisomee, na usome vizuri.

Sasa tuongee kama watu wazima. Katika barua yako umeniandikia kisima, na tena kisima, na tena kisima. Eti mimi ndimi kisima, eti kisima hakihamishwi. Ninauliza: nani amewaambia? Kama ni Séraphin, ndugu yangu yule mdomo wake hauna mlango. Akitaka unité za simu za kumpigia mke wake hana, akitaka kusema ya watu anazo.

Mjue kwamba kisima tulikianza Oktoba, kabla ya viza kutoka. Maji ya bomba hayajatoka katika mtaa huu tangu mwaka juzi. Ukishaanza shimo huwezi kuliacha nusu, linakuwa kaburi. Na kisima hakimfungi mtu miguu. Mtu anaweza kuchimba leo na kesho akapanda ndege, wangapi wamefanya hivyo? Kwa hiyo sioni sababu ya kuniletea maneno ya mafumbo kwa mkono wa mtoto.

Kama mama yako hajasikia, usimpelekee wewe. Nitamweleza mwenyewe nikifika.

Kuhusu tarehe: sehemu ya kwanza ya barabara inakwisha mwezi wa nne. Baada ya hapo nitatafuta tiketi.

Soma shule. Msalimie mama yako na mjomba wako, tonton Antoine.

Papa yako,
Sylvestre Mwenze


Ganshoren, 22 Machi 2009

Jambo papa,

Barua yako imefika. Mwanafunzi aliyeibeba alinikabidhi kwenye stesheni ya Gare du Midi, karibu na mlango wa soko, kwa sababu hakujua Ganshoren iko upande gani na aliogopa kupotea. Nilimshukuru nikaondoka. Nimeisoma ndani ya basi la 49. Nilipita kituo chetu nikarudi kwa miguu.

Papa, hakuna aliyetuambia. Tonton Séraphin hajapiga simu tangu Noeli. Maman hakunituma na hajui nilichoandika. Kisima ni jina la umbo tu. Sarafu zingeanguka vingine ningekuandikia mlima, au radi, au ziwa. Sikujua kwamba kuna kisima.

Sasa najua.

Kuhusu jumla ulizonitumia. Sarafu tatu zikilala zote uso juu ni tisa. Zikilala zote namba juu ni sita. Hakuna zaidi ya tisa na hakuna chini ya sita. Kumi haiwezekani, papa, na tano haiwezekani. Nilikaa mezani nikirusha sarafu zangu nione kama kuna namna, ingawa nilijua hakuna. Hili halihitaji kumwamini Mchina, ni kujumlisha tu.

Nikawaza labda uliandika haraka, kwamba kumi ni tisa na tano ni sita. Nikachora hivyo. Lilitoka umbo la Neema, na mistari miwili ikageuka, likawa Kufuata. Ni jibu zuri kabisa kwa mtu anayetaka kuifuata familia yake. Nililitazama, halafu nikalifuta, kwa sababu zile namba mbili zilikuwa zangu.

Huku tuko salama. Jumapili iliyopita tonton Antoine alikuja kula. Unamjua, hata kabla ya kuketi ameanza.

"Ule bwana yako anangoja ndege gani? Ya serikali? Viza iko mu mukono, mutu eko kule!"

"Antoine, kula sombe yako," maman akamwambia.

"Minakula. Lakini minauliza."

"Uliza na kinywa yenye haina chakula."

Nilitaka kucheka. Maman hakucheka, aliongeza tu wali katika sahani yake, mwingi, ili anyamaze, naye akala.

Jumapili hii tumekwenda soko la Midi. Maman amekununulia koti la baridi, la kijivu, kwa kipimo chako cha zamani. Alimwambia mwuzaji, "Bwana yangu ni mrefu kama wewe, ila mabega yake yamezidi." Mwuzaji akalivaa yeye, akageuka mbele na nyuma kama katika duka la kweli. Liko kabatini upande wako. Kama umenenepa utuambie, bado wanaweza kulibadilisha.

Sikumwambia juu ya kisima. Umesema utamweleza mwenyewe.

Nauliza tu: kina urefu gani kwenda chini? Na kina maji?

Ni mimi,
Yolande


Lubumbashi, 26 Aprili 2009

Kwa binti yangu mpendwa,

Kama hakuna aliyewaambia, basi mambo haya yana maajabu, na mimi nimejifunga mwenyewe kwa kamba yangu. Yaishe. Mzee wako ana mengi kichwani. Na zile namba, labda niliandika haraka, labda mwanga ulikuwa mdogo. Usinihesabie kila kitu kama mwalimu.

Umeuliza kina urefu gani. Mita kumi na nane! Hapa mtaani watu walichimba kumi na mbili, wakapata tope, wakaacha. Mimi nikawaambia vijana, shukeni. Wakafika kwenye jiwe. Wakaniambia, papa Sylvestre, tupande, huku hakuna kitu. Nikashuka mwenyewe na kamba kiunoni, katika umri huu, nikagonga jiwe kwa nondo, nikasikia linavyolia. Jiwe lenye maji nyuma yake lina mlio wake, huwezi kuufananisha. Tukalipasua siku ya tatu. Maji yalikuja baridi, nikanywa humohumo chini kwa kofia ya kazi. Hayana chumvi, hayana kutu. Ungeonja!

Sasa tangu alfajiri ndoo zimepanga mstari uani. Hakuna anayelipa. Mkuu wa mtaa amekuja kunishika mkono mbele ya watu. Wananiita papa Mayi, yaani baba wa maji. Watoto wa hapa nyumbani wanashindana nani atavuta kamba mpaka mwisho, yule mdogo ananing'inia kwenye kamba badala ya kuvuta, ni kuwafukuza kila saa. Ukingo bado sijaujenga, nimeweka mbao tu juu, nasubiri simenti.

Yolande, huwezi kujua ni kitu gani mtu kuamka asubuhi akakuta watu wanamngoja yeye na wanasema aksanti. Huko nitakuwa nani? Nauliza tu, usilipime neno hili.

Koti: sijanenepa. Mwambie mama yako ahsante. Kumbe huko mwezi wa tatu bado mnahitaji koti?

Tarehe: Wachina wameongeza sehemu ya pili ya barabara, na hawana mwingine wa kusimamia. Nafikiri mwezi wa nane itakuwa vizuri zaidi. Mama yako nimemwambia kwenye simu kwamba kazi imerefuka kidogo. La kisima libaki kati yetu.

Papa yako,
Sylvestre Mwenze


Ganshoren, 31 Mei 2009

Jambo papa,

Leo ni Pentekoste. Maman yuko kazini, wazee anaowahudumia hawana sikukuu. Mimi niko nyumbani, mitihani inaanza kesho kutwa na ninapaswa kusoma, lakini nimeona nimalize hili kwanza.

Mwezi wa nane unakuja baada ya mwezi wa sita. Viza inakwisha tarehe 30 Juni. Nimeandika sentensi hizi mbili na sioni la kuongeza, ila nimeogopa kwamba hakuna mtu aliyewahi kukuandikia zikiwa pamoja.

Labda maman hakukueleza jinsi tunavyoishi, kwa sababu simu ni fupi na hupenda uisikie sauti yake ikiwa nzuri. Nyumba hii ya vyumba viwili tuliikodi kwa ajili ya dosye yako ya viza. Komini walitaka waone chumba cha watu wawili na chumba cha mtoto, ndipo wakubali. Kwa hiyo maman anafanya kazi asubuhi katika nyumba ya wazee huko Berchem, na jioni anasafisha ofisi. Anarudi, anavua viatu mlangoni, anakaa dakika chache kwenye kiti akiwa na koti lake, halafu anapika. Simlalamikii mtu. Nakueleza tu chumba kile kinavyosimama. Mwenye nyumba ameuliza kama tunaendelea mwaka mwingine. Maman amemwambia, "Tutakujibu, mume wangu anafika." Anataka jibu mwanzoni mwa Julai.

Tonton Antoine amemtafutia nyumba ndogo karibu na kwake. Maman anamjibu kila mara kitu kimoja: "Sylvestre atalala wapi?"

Papa, sitauliza kitabu. Nimekifunga nikakirudisha maktaba. Nakuuliza wewe, na ninaona aibu kuuliza, mikono yangu ina jasho, utaona wino umechafuka hapa. Unakuja kabla ya tarehe 30 Juni?

Jibu kwa neno moja. Likiwa ndiyo, nitakuja uwanja wa ndege wa Zaventem na koti lako, hata kama ni joto. Likiwa hapana, sitalia. Si kwa sababu nina nguvu. Siku hizi silii tu. Yule mzee wa ghorofa ya pili aliyekuwa ananipa peremende alikufa Aprili, na mimi nikaendelea kuandika zoezi la jiografia.

Nimemsikia mtu akisema kijana wa kwaya anasafiri Jumatano. Nitampa barua hii mkononi.

Ni mimi,
Yolande


Lubumbashi, 18 Juni 2009

Yolande mwanangu,

Nimesoma barua yako mara nyingi. Wino ulipochafuka nimepaona.

Unataka neno moja. Mtoto hudhani mtu mzima ana neno moja tumboni na analificha. Mimi nina mawili, kila asubuhi. Pasipoti iko ndani ya sanduku, nguo zangu nzuri ziko juu yake. Nimekwenda hadi ofisi ya tiketi mara mbili. Mara ya kwanza nilikuta foleni. Mara ya pili hapakuwa na foleni, binti wa pale akaniambia, "Papa, karibu, unakwenda wapi?" na mimi nikamwuliza choo kiko wapi.

Miaka saba, Yolande. Mama yako nikimsikia kwenye simu ninamjua. Lakini tukikaa chumba kimoja sijui atanitazama vipi, na mimi nitamtazama vipi, mzee asiyejua hata kupanda tram. Hapa kuna watu wanaonitegemea pia. Siwezi kuandika yote.

Basi sikiliza. Nilikucheka, nisamehe. Nenda ukakichukue kitabu chako. Rusha kwa niaba yangu, vizuri, mara sita, kwa mkono wako ambao hauna uongo. Uliza: Sylvestre aje au asije? Kitakachotoka nitakifuata, naapa. Ukipata kwamba nije, mwambie Alphonsine anipigie simu kwa jirani usiku huohuo, nitapanda ndege ya kwanza. Ukipata kwamba nisije, nitajua kwamba si mimi niliyeamua.

Ninaibandika bahasha sasa hivi kwa sababu mtu wa kuibeba anangoja mlangoni. Ameniambia atapitia Nairobi kwa shemeji yake kwanza, lakini hatakawia.

Papa yako


Ganshoren, 5 Julai 2009

Jambo papa,

Mtu wako alikawia Nairobi. Barua imenifikia Ijumaa, tarehe 3 Julai.

Tarehe 30 ilikuwa Jumanne. Kulikuwa na joto. Asubuhi nilikwenda shuleni kuchukua matokeo, nimefaulu yote, Kilatini nimekuwa wa pili. Mchana nilikaa dirishani. Maman alirudi kutoka Berchem, akaoga, akaenda ofisi zake. Hakuna aliyetaja tarehe. Nilifikiri siku kama hiyo ingekuwa na sauti fulani, lakini ilipita kama Jumanne nyingine.

Umeniomba nirushe sarafu. Sikurusha. Viza ilikuwa imekwisha, hakukuwa na la kuuliza. Lakini nataka ujue kwamba hata barua yako ingefika mapema nisingerusha. Ningepata uje, ungekuja kwa ajili ya sarafu. Ningepata usije, ningekuwa mimi niliyekuzuia, na wewe ungelala vizuri.

Tena, katika ramli hii jambo moja haliulizwi mara mbili. Mimi nilikwisha kuuliza Januari na nikajibiwa. Nilisoma vibaya tu. Niliona umbo la pili nikadhani ni kitu kinachokuja kwetu, kwa sababu mimi ndiye niliyeuliza. Kumbe niliuliza juu ya safari yako, na lile lilikuwa jibu la safari yako: ilikuwa Kungoja, ikawa inageuka Kisima. Mistari mitano ya juu haikutikisika, na hiyo ndiyo tuliyokuwa tunaiona, simu ya Jumapili, viza, kabati. Uliogeuka ni ule wa chini kabisa. Anayejifunza hupenda kutazama mistari mingi iliyo kimya, kwa sababu ni mingi.

Jana Jumamosi nilimwambia maman. Alikuwa anapiga pasi sare zake za kazi. Sikujua pa kuanzia, nikasema barua ya papa imefika.

"Soma," akasema.

Nilileta hii ya Juni na ile ya Aprili. Nilimsomea polepole. Nilimsomea mita kumi na nane, jiwe linavyolia, kofia ya kazi, watu wanavyokuita papa Mayi, mbao. Nilimsomea ofisi ya tiketi na choo. Ile sentensi ya "watoto wa hapa nyumbani" niliiruka, asisikie kwamba nyumbani kwako kuna watoto, na ile ya watu wanaokutegemea niliiruka pia. Nadhani niliruka vizuri, sauti yangu haikusimama.

Alimaliza mkono mmoja wa shati, akageuza, akafanya wa pili.

"Na ile kisima, iko na mayi?"

"Iko na mayi, maman."

"Mayi ya muzuri?"

"Anasema haina chumvi."

"Bon," akasema. Akatundika sare, akachukua nyingine.

Sikujua kama nimkumbatie. Sisi hatufanyi hivyo sana. Nilikunja zile zilizopoa. Tulifanya kazi hiyo mpaka kikapu kikaisha, halafu akampigia simu mwenye nyumba, akamwambia kwa Kifaransa chake cha kazini kwamba mwisho wa Septemba tutatoka. Akasema "merci, monsieur, à vous aussi." Hakutoa sababu na yule hakuuliza.

Leo tonton Antoine amekuja na mita yake kupima kama meza yetu itaingia katika ile nyumba ndogo. Maman akamwambia ajaribu koti la kijivu. Mikono yake ni mifupi, vidole vilionekana nusu tu. Akasimama katikati ya sebule, akasema kama waziri, "Muniite Excellence." Akatutazama mmoja mmoja. Halafu akalivua mwenyewe, akalikunja vizuri sana, na hakusema lolote juu yako siku nzima. Papa, sikuwahi kumwona tonton akikaa bila kusema lolote juu yako.

Maman Alphonsine anasafiri tena kesho. Nilimwuliza maman kama ana neno la kukutumia, maana mimi karibu ninafunga bahasha. Alikuwa anaosha sufuria. Aliosha mpaka akaimaliza, akaifudikiza juu ya meza ili ikauke, akafuta mikono.

"Mwambie afunike ile kisima na simenti," akasema. "Asiache mbao. Mbao inaozaka. Batoto basianguke mule."

Ni mimi,
Yolande